UKURASA WA AFYA: Mtoto Anayeteswa, Tunamtambuaje Hospitalini?



Wapendwa wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe na chanjo. Mwezi huu nawaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja, nalo ni mtoto anayeumizwa na wale wanaopaswa kumlinda. Mtoto wa namna hiyo hafiki hospitalini akiwa na maandishi usoni. Huja kama watoto wengine, amebebwa mgongoni na ana daftari lake la matibabu, na aliyemleta husema, "Ameanguka." Mara nyingi ni kweli ameanguka. Lakini mara nyingine siyo kweli.

Naanza na habari ya mtoto mmoja. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike.

Miguu niliyoikumbuka

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kwenye chumba cha kufunga vidonda, mama mmoja kijana alimleta mwanawe wa miaka 2. Miguu yote miwili ilikuwa imeungua kwa maji ya moto mpaka juu kidogo ya vifundo, kama mtu aliyevaa soksi. Mama alisema mtoto alikanyaga ndani ya beseni la maji ya kuogea. Alisema hayo huku anatazama sakafu, na mwanamume aliyefuatana naye ndiye aliyejibu maswali mengi. Siku ile foleni ilikuwa ndefu. Nilisafisha vidonda, nikavifunga, nikaandika katika daftari "kuungua maji moto," nikawaambia warudi baada ya siku 2. Hawakurudi.

Baada ya wiki 6 mtoto yule aliletwa tena, safari hii paja limevunjika. Daftari lilikuwa jipya, kwa maana lile la zamani, walisema, limepotea. Kama ningesoma daftari tu, nisingejua lolote. Lakini niliikumbuka ile miguu. Makovu yalikuwa yamezunguka vifundo vyote viwili, sawasawa kama yaliyopimwa kwa rula. Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningejiuliza tangu mara ya kwanza: mtoto anayekanyaga maji ya moto kwa bahati mbaya, je, hukanyaga kwa miguu yote miwili na kusimama humo humo? La. Huuinua mguu mara moja, hupiga kelele, hurusha maji, na vidonda vyake huwa hapa na pale. Mtoto huyu alikuwa ameshikiliwa.

Daktari aliagiza picha ya eksirei ya mwili mzima. Pamoja na paja, zilionekana mbavu 2 zilizokuwa zimevunjika zamani na kuanza kuunga. Mtoto alilazwa, Afisa Ustawi wa Jamii akaitwa, na mama alipozungumza naye peke yake alilia na kusema yote. Aliyekuwa akimwumiza mtoto ni mtu mzima wa nyumba ile, ambaye aliachiwa mtoto kila mama alipokwenda kwenye kibarua. Mama alishuku, lakini aliogopa kufukuzwa usiku asiwe na pa kulala.

Wiki zile 6 zimekaa moyoni mwangu mpaka leo. Ndiyo sababu naandika.

Ujuzi huu ulitoka wapi?

Msidhani kwamba waganga walijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1946 huko Marekani, Dkt. John Caffey, bingwa wa picha za eksirei, aliandika juu ya watoto wachanga 6 waliokuwa na damu iliyovilia ndani ya fuvu na pia mifupa iliyovunjika, na hakuna aliyeweza kueleza waliumiaje. Mwaka 1962 Dkt. C. Henry Kempe wa Denver pamoja na wenzake walisema wazi kile ambacho wengi hawakutaka kukiamini. Walikuwa wameuliza katika hospitali nyingi za nchi ile, na hospitali 71 ziliwapa habari za watoto 302 walioumizwa na walezi wao katika mwaka mmoja. Kati yao 33 walikufa, na 85 walibaki na madhara ya kudumu katika ubongo.

Dkt. Kempe aliona kwamba madaktari walikuwa na macho ya kuona mifupa iliyovunjika, lakini mioyo yao ilikataa kuamini kwamba mzazi anaweza kufanya hivyo. Nasi tuko hivyo hivyo. Tunamfahamu baba yule, tunasali naye, ni mtu wa watu. Basi tunakubali maelezo yoyote tunayopewa.

Hapa kwetu Tanzania jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima kwa vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na karibu mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa jambo la aibu la kimwili angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Na karibu robo tatu yao, wavulana kwa wasichana, walipigwa, kwa ngumi, mateke, viboko na kadhalika, na mtu mzima au mchumba kabla ya umri huo. Hao ni watoto wa majirani zetu, na wengine ni wetu.

Mateso ni ya namna gani?

Kwa kawaida tunayagawa katika mafungu manne:

1. Kuumizwa mwili: kupigwa, kuchomwa, kutikiswa kwa nguvu, kukabwa.

2. Kuchezewa au kunajisiwa: kugusa sehemu za siri za mtoto, kumfanya aguse za mtu mwingine, kumwonyesha picha chafu, na kumwingilia.

3. Kuumizwa moyo: kutukanwa kila siku, kutishwa, kuitwa mchawi au mkosi, kubaguliwa mbele ya ndugu zake.

4. Kutelekezwa: kunyimwa chakula, matibabu, shule na uangalizi hali mzazi ana uwezo wa kuvitoa.

Angalieni hilo neno "ana uwezo." Umaskini si kosa. Mama asiye na nauli ya kumleta mtoto kliniki hajamtelekeza mtoto, anahitaji kusaidiwa. Lakini tukiona mtoto mmoja amevimba miguu kwa utapiamlo, nywele zimebadilika rangi, na wenzake wa nyumba moja wamenawiri, hatuna budi kuuliza kwa nini chungu kimoja kinawalisha wengine na kumwacha huyu.

Mambo yanayotufanya tuulize zaidi

Alama moja peke yake haithibitishi kitu. Sisi hutazama mambo yanavyokaa pamoja, hasa haya:

(a) Maelezo yasiyolingana na jeraha. Mtoto wa miezi 3 hawezi kugeuka mwenyewe, basi akivunjika paja hatuwezi kuambiwa kwamba "alikuwa anacheza." Kadhalika maelezo yanayobadilika: kwa karani ameanguka kitandani, kwa daktari ameangukiwa na stuli.

(b) Kuchelewa kuleta mtoto. Mfupa umevunjika Jumapili, mtoto analetwa Alhamisi. Wakati mwingine ni umbali au fedha, na hayo tunayaelewa. Lakini kama kituo cha afya kiko jirani, tunauliza.

(c) Mahali alama zilipo. Mtoto anayejifunza kutembea huumia kwenye mifupa iliyojitokeza: paji la uso, magoti, miundi, viwiko. Hizo ni alama za utoto. Lakini damu iliyovilia kwenye masikio, shingo, kifua, tumbo au mgongo wa mtoto wa chini ya miaka 4 si ya kawaida. Vivyo hivyo mashavuni, kwenye kope, na kuchanika kwa kile kijinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi, jambo ambalo huweza kutokea mtoto anapolazimishwa kunywa chupa au kijiko. Na mtoto wa chini ya miezi 4 akiwa na alama ya kuvilia damu popote mwilini, hata ndogo, lazima achunguzwe, kwa maana huyo hajui bado kutambaa.

(d) Umbo la alama. Waya uliokunjwa huacha alama ya kitanzi. Mkanda huacha mistari miwili inayokwenda sambamba. Meno ya mtu mzima huacha nusu duara mbili. Moto wa sigara huacha kidonda cha duara chenye kingo safi. Chai au uji unaomwagika toka mezani huunguza uso, kifua na mkono upande wa mbele, na hupungua kadiri unavyoshuka. Maji ambayo mtoto ametumbukizwa humo kwa nguvu huacha mpaka ulionyooka, kama soksi au glavu.

(e) Majeraha ya umri mbalimbali. Kovu la zamani, kidonda kinachopona na jeraha la leo, yote katika mwili mmoja.

(f) Mtoto mchanga aliyelegea, anayetapika bila homa, anayepata degedege, au ambaye utosi umevimba. Huyu hutibiwa mara nyingi kama mwenye malaria au homa ya uti wa mgongo. Lakini yaweza kuwa alitikiswa kwa nguvu. Kichwa cha mchanga ni kizito na shingo yake haina nguvu. Akitikiswa, ubongo hugongagonga ndani ya fuvu na mishipa midogo hukatika. Nje hutaona jeraha lolote.

(g) Tabia ya mtoto. Mtoto wa miaka 3 ambaye halii akichomwa sindano, wala hamtafuti mama yake. Mtoto anayejikinga uso ukiinua mkono kuchukua kalamu. Mkubwa aliyeanza tena kukojoa kitandani, aliyeacha kucheza, anayekataa kubaki na mtu fulani, au ambaye masomo yake yameporomoka ghafla.

Yanayodanganya macho

Wapendwa, ni dhambi pia kumsingizia mzazi. Nami niliwahi kukosea upande huo. Siku moja nilimwuliza mama mmoja kwa ukali juu ya madoa makubwa ya buluu matakoni mwa mtoto wake wa mwezi mmoja, nikidhani amepigwa. Yalikuwa madoa ya kuzaliwa nayo. Watoto wengi sana wa Kiafrika huzaliwa na madoa ya buluu au ya kijivu sehemu ya chini ya mgongo na matakoni, hayaumi, nayo hufifia yenyewe mtoto anapokua. Mama yule alilia kwa aibu, nami nilimwomba radhi. Tangu siku hiyo nawaomba wakunga wayaandike madoa hayo katika kadi ya kliniki siku ile ile mtoto anapozaliwa. Nanyi wazazi mkiyaona, ombeni yaandikwe.

Yako na mengine. Mtoto mwenye selimundu (siko seli) huweza kuvimba viganja na nyayo kwa maumivu makali, mtu akadhani amepigwa. Wapo wenye ugonjwa wa damu kutoganda, ambao huvilia damu kwa kuguswa kidogo tu. Vidonda vya usaha vya ngozi hufanana na alama za sigara. Wapo watoto wachache ambao mifupa yao ni laini tangu kuzaliwa. Na ziko chale na alama za moto zilizofanywa na waganga wa kienyeji kwa nia ya kuponya. Hizo huumiza na zinafaa zikomeshwe, lakini mzazi aliyefanya hivyo anahitaji mafundisho kwanza.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halishauri tuwahoji watoto wote kwa orodha moja ya maswali. Linatutaka tuwe macho, tuzijue alama, na tuulize pale tunapoona sababu.

Watoto walio katika hatari zaidi

Mateso hupatikana katika nyumba za fahari na za nyasi, za wasomi na za wasiosoma. Hata hivyo kuna watoto tunaowaangalia kwa uangalifu zaidi: mwenye ulemavu au kifafa, aliyezaliwa njiti, ambaye hulia sana na kuchosha, mtoto yatima au anayelelewa na ndugu, mtoto wa kambo, mtoto aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani hali mwenyewe bado ni mtoto, mtoto mwenye ualbino. Pia tunaiangalia nyumba yenye ulevi, nyumba ambayo mama anapigwa, na mama ambaye baada ya kujifungua amekosa usingizi, analia, hana furaha na mtoto wake. Mama huyo ni mgonjwa. Asiachwe peke yake, wala asichekwe, na aletwe atibiwe.

Kuwa katika orodha hii si hatia. Akina mama wa kambo wengi ni mama wa kweli. Tunaitaja orodha hii ili msaada ufike kabla ya madhara.

Juu ya kunajisiwa

Jambo la kwanza ambalo kila mzazi anapaswa kulijua ni hili: watoto wengi walionajisiwa au kuchezewa wakipimwa huonekana hawana jeraha lolote. Sehemu hizo hupona upesi, na matendo mengine hayaachi alama kabisa. Basi daktari akiandika kwamba hakuona jeraha, haina maana kwamba mtoto amesema uongo. Nimeona familia zikimchapa mtoto kwa ajili ya karatasi ya namna hiyo, na machozi ya mtoto yule sijayasahau.

Maumivu wakati wa kukojoa, damu au uchafu katika nguo ya ndani, na kuwashwa, huweza kuwa na sababu nyingine, hata minyoo midogo. Lakini mtoto asiye mchanga akikutwa na kisonono, huo ni ugonjwa wa zinaa, na ni lazima tuulize ameupata kwa nani. Mara nyingi mtendaji si mgeni. Ni mtu anayeingia na kutoka nyumbani bila kubisha hodi.

Likitokea, fanyeni hivi:

1. Mleteni mtoto hospitali mara moja, usiku au mchana. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora zaidi. Hutumiwa kwa siku 28.

2. Msimwogeshe kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa msizifue. Zifungeni katika karatasi au kitambaa safi kikavu, si katika plastiki.

3. Msikae nyumbani kungoja Fomu ya Polisi Na. 3, yaani PF3. Fomu hutumika katika kesi, lakini matibabu ya haraka hayapaswi kuingoja. Hospitali yenyewe itawasaidia kuwasiliana na polisi.

4. Msimhoji mtoto tena na tena, kila shangazi na mjomba kwa zamu yake. Kila mara anaposimulia, anaumia upya.

Mtoto akikuambia, sema nini?

Sikiliza kwanza. Usishtuke mbele yake wala usitoe vitisho vya kumwua mtu, kwa maana mtoto ataogopa kwamba amesababisha mauaji. Usimtilie maneno kinywani kwa kuuliza, "Ni fulani, siyo?" Uliza tu, "Ikawaje?" kisha nyamaza. Mwambie: "Pole mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Wewe huna kosa." Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu hutaweza kuitimiza ahadi hiyo. Mwambie utawaeleza watu wachache watakaomsaidia.

Nasi hospitalini hufanya hivyo hivyo. Ndiyo maana pengine muuguzi atakuomba utoke nje kidogo ili azungumze na mtoto mkubwa peke yake, au atazungumza na mama bila baba. Msichukizwe. Tunataka kila mmoja apate nafasi ya kusema. Lakini katika kumpima mtoto mwili, mzazi au mlezi anayeaminiwa na mtoto ana haki ya kuwapo, na mtoto mwenyewe aelezwe kila kitu kabla ya kuguswa. Mhudumu akimpima mtoto sehemu za siri bila sababu na bila shahidi, semeni kwa mganga mkuu. Nasi watumishi tujiangalie: kumfokea au kumzaba kibao mtoto anayelia kwa sindano ni mateso pia, hata kama tumevaa sare nyeupe.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu yeyote kumtesa mtoto. Juu ya kurudi watoto inasema kwamba adhabu isiyolingana na umri na hali ya mwili na akili ya mtoto haina uhalali, wala adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa sababu ya adhabu hiyo. Wale wanaosema samaki mkunje angali mbichi watafakari hapo. Mtoto wa mwaka mmoja ukimchapa kwa kukojoa hajifunzi neno, isipokuwa kukuogopa.

Sheria hiyo inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Huhitaji kuwa na ushahidi wa mahakamani. Kazi yako ni kusema ulichokiona. Unaweza kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kwa Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kupiga simu namba 116, ambayo ni ya bure na ni kwa ajili ya watoto. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambamo matibabu, ushauri na polisi hupatikana mahali pamoja.

Kuna neno moja linalowaponza watoto wetu: "Tuyamalize nyumbani." Wazee hukaa, mbuzi hutolewa au fedha, mikono hupeanwa, na mtoto hurudi kulala chumba cha jirani na yule yule aliyemwumiza. Hapo wakubwa wamepatana wao kwa wao, na mtoto hakuulizwa. Kusamehe ni amri ya Bwana wetu, lakini msamaha hauzuii kumweka mtoto mahali salama, wala haufuti kosa mbele ya sheria.

Na hili linatuhusu hata sisi wa Kanisa. Mwaka 2019 Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitoa waraka wa kisheria unaowalazimu mapadre na watawa kutoa taarifa kwa wakuu wao wanapopata habari kwamba mtoto amedhulumiwa na mtumishi wa Kanisa, bila kuvunja sheria za nchi. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba kunyamaza ni kulilinda Kanisa.

Tufanye nini katika familia na jumuiya zetu?

Kwanza, tunzeni daftari na kadi ya mtoto. Msinunue daftari jipya kila mnapokuja. Historia ya mtoto imo humo, na humo ndimo muuguzi huona kwamba hii ni mara ya tatu.

Pili, mzazi uliyechoka, mtoto analia usiku kucha nawe unaona mikono inatetemeka kwa hasira: mlaze mahali salama, chali, toka nje, vuta pumzi, mwite jirani. Mtoto hafi kwa kulia dakika chache. Akitikiswa anaweza kufa.

Tatu, walezi wa Utoto Mtakatifu, makatekista, viongozi wa WAWATA na wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mnawaona watoto kila wiki. Ninyi mko karibu kuliko hospitali. Mtoto aliyekuwa akiimba akaacha kuimba, mwulizeni habari zake.

Nne, wafundisheni watoto tangu wadogo majina ya viungo vyao vyote bila aibu, na kwamba hakuna mtu, hata mjomba, mwalimu, daktari au padre, mwenye ruhusa ya kuwagusa na kuwaambia wafiche.

Na tafadhali, msiogope kumleta mtoto aliyeumia. Watoto wengi tunaowapokea wameumia kwa bahati mbaya kabisa, na wazazi wao hurudi nyumbani salama siku hiyo hiyo. Kazi yetu hospitalini ni kumlinda mtoto. Kumtafuta mkosaji na kumhukumu ni kazi ya wengine.

Yule mtoto wa miguu iliyoungua alichukuliwa na bibi yake mzaa mama, na mama yake alihamia huko baadaye. Huchechemea kidogo. Miaka kadhaa baada ya hapo nilimwona kanisani, amevaa shati jeupe, yumo katika mstari wa Komunyo ya Kwanza. Hakunitambua. Nilitazama viatu vyake, nikashukuru, kisha nikamwomba Mungu anisamehe zile wiki 6.

Mungu azibariki familia zenu, na Watoto Mashahidi watuombee.